Maji ndiyo yanayoleta ndege: siku moja ya kumtafuta mla-kaa

Swali la kwanza la karibu kila ninayemtembeza kutazama ndege ni, tutoke saa ngapi? Kwa ndege wa msituni, kama wale wa Pugu, jibu ni alfajiri. Pwani jua halina kauli. Mwenye kauli ni maji.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne, tukimtafuta Dromas ardeola, ambaye mimi humwita mla-kaa. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, wakati maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida. Siku kama hizo hapa Dar maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni, na kina hupishana kwa zaidi ya mita 3. Saa 4 mlango wa Msimbazi, pale Daraja la Selander, ni tope na mchanga mpaka mbali, na ndege wametawanyika kama punje. Mwenzetu mmoja alitaka tuwafuate. Nilimkataza. Wana saa chache tu za kula kabla maji hayajarudi. Ukiwakurupusha umewanyang'anya chakula.

Tukangoja kivulini. Mvuvi mmoja akapita na ndoo yake, tukamwamkia.

"Marahaba. Mnawataka wale weupe wenye mdomo mnene? Tulieni, maji yakipanda watakuja wenyewe."

Ndivyo ilivyo. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, huacha mafungu mengi ya mchanga wazi na ndege hubaki mbali. Bamvua huyameza moja baada ya jingine na kuwasogeza kwako. Saa 7 na nusu walianza vitwitwi, wakafuata sululu, kisha wao: 11, weupe, migongo myeusi, miguu mirefu ya kijivu. Kwa mbali utadhani yangeyange. Tazama mdomo kwanza: wa yangeyange ni mwembamba kama sindano, wa mla-kaa ni mnene, mweusi, umejengwa kuvunja magamba.

Mmoja alikuwa na mgongo wa kijivu. Mtoto. Aliinamisha kichwa, akalialia, na mkubwa akamletea kaa. Hapo sote tulinyamaza. Ndege hawa huzaa huko Uarabuni na pwani za Bahari ya Shamu, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, na joto la mchanga husaidia kuatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi na sululu afanyaye hivyo. Yai kwa kawaida ni moja tu. Mtoto huyo huvuka bahari pamoja na wazazi, nao huendelea kumlisha huku kwetu, ambako hukaa takriban Agosti hadi Aprili. Ndiyo maana huniuma kuona chupa za plastiki zinazoshushwa na mto zikijipanga kwenye tope hilohilo wanakopata chakula.

Saa 9 fungu la mwisho lilizama. Waliruka pamoja, chini chini juu ya maji, kuelekea upande wa kisiwa cha Bongoyo, yule wa kijivu akiwa nyuma ya wote.