Kihispania levo ya juu: uongo tunaodanganyana kuhusu kusikiliza

"Wanaongea haraka mno ndo maana sishiki kitu." Huu ndo wimbo wa kila mtu. Ni kweli ukihesabu silabi kwa sekunde Kihispania kinakiacha Kiingereza mbali, ila spidi peke yake sio inayokumaliza, kinachokumaliza ni maneno kushikana. Chukua "va a haber problemas" (kutakuwa na matatizo): kwenye kitabu ni maneno manne, h haitamkwi, kwa hiyo mdomoni zile a tatu zinakuwa moja na wewe unasikia "vaber", unakimbilia kamusi, halipo. Cansado (amechoka) inakuwa "cansao", para inakuwa "pa", na ukisikiliza watu wa Chile, Karibiani au Andalusia kule kusini mwa Hispania, s ya mwisho wa silabi inabaki pumzi tu au inapotea kabisa, yani estás inatoka "ehtá". Dawa yake chukua sauti fupi yenye maandishi yake, sekunde 30 zinatosha kabisa, andika unachosikia bila kuchungulia, halafu linganisha. Podikasti ya Radio Ambulante inafaa sana, inasimulia habari za Amerika ya Kilatini na maandishi wanaweka.

"Sarufi ni ya kuandikia, kwenye kusikiliza haina kazi." Jamani! Cuando llegue te llamo ni nikifika ntakupigia, cuando llegué te llamé ni nilipofika nilikupigia. Ukiwa hujaiva kwenye subjuntivo (umbo la kitenzi kwa jambo ambalo bado halijatokea, kama hiyo llegue) utapishana na mtu stendi. Na hapa sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu, mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi hablo (naongea) na habló (aliongea) zinatupita kama kitu kimoja. (Irabu tano tunazo zilezile lakini, kwa hilo tushukuru, wenzetu wa Kiingereza wanahangaika nazo.) Kwa hiyo ukisoma kanuni mpya, siku hiyohiyo itafute kwenye sauti, sio kwenye zoezi la kujaza nafasi tu.

"Nikiongeza msamiati masikio yatafunguka yenyewe." Nusu kweli. Neno ulilolijua kwa macho tu sikio halilijui, kila neno jipya lihifadhi na sauti yake ndani ya sentensi nzima.

Kuacha redio ikipiga kelele siku nzima huku unapika? Inakuzoesha mlio, basi.

Halafu sabtaito. Watu wanasema weka za Kihispania utapona, sawa, ila filamu ikiwa imedabiwa (imewekewa sauti za lugha nyingine) mara nyingi maandishi na sauti haviendani, utachanganyikiwa bure. Tafuta kilichotengenezwa kwa Kihispania tangu mwanzo.

La mwisho, eti kuna Kihispania kimoja safi cha kujifunza. Anza na lafudhi moja, sawa, ila Buenos Aires calle (mtaa) utaisikia "kashe" na badala ya tú tienes (wewe una) wanakwambia vos tenés, na hawajakosea chochote. Kama unalenga DELE, mtihani wa cheti cha Kihispania wa Instituto Cervantes, ndo kabisa usijifungie Madrid, maana sauti za mtihani wanachanganya za Hispania na za Amerika ya Kilatini.