Nyambizi ya nyuklia si lazima ibebe bomu la nyuklia

Tangu utafiti wa urani ufanyike Bahi na Manyoni, habari yoyote ya nyuklia haipiti Dodoma bila kuzua maswali. Tunaulizwa kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, tunaulizwa madarasani, na siku hizi tunatumiwa video za WhatsApp zenye muziki wa kutisha: nyambizi imezama, kombora linachomoka majini, na maandishi yanadai chombo hicho kimoja kinaweza kuifuta nchi nzima. Waandaaji wake huchanganya kinachoiendesha nyambizi na kinachorushwa nayo.

Injini ya dizeli haiwaki bila hewa. Kwa hiyo nyambizi ya dizeli ikiwa chini hutumia betri, na zikipungua chaji lazima isogee juu na kutoa bomba la kuvutia hewa. Hapo ndipo adui huinasa. Kinu cha nyuklia hakina shida hiyo: atomi za urani zinapasuka, joto lake linageuza maji kuwa mvuke, mvuke unazungusha mitambo, mitambo inazungusha pangaboi na kuzalisha umeme. Kwa umeme huo mabaharia hupata maji ya kunywa na hata oksijeni, vyote kutoka kwenye maji ya bahari. Marekani ndiyo iliyotangulia. USS Nautilus ilianza kusafiri kwa nishati hiyo Januari 1955, na mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Nyambizi za leo za Marekani za aina ya Virginia huwekewa fueli mara moja, ikatosha kwa zaidi ya miaka 30. Kinachozirudisha bandarini mapema ni chakula kuisha.

Fueli yenyewe si udongo wa Bahi. Katika urani inayochimbwa ardhini, ile inayopasuka kirahisi, yaani urani-235, ni asilimia 0.7 tu. Nyambizi za Marekani na Uingereza hutumia urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha urani-235, kupita asilimia 90, kazi inayohitaji viwanda ambavyo nchi chache duniani zinavyo. Anayekwambia shamba lako lina mafuta ya nyambizi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa makombora. Nyambizi ya mashambulizi kazi yake ya asili ni kuwinda meli na nyambizi nyingine kwa torpido, yaani kombora linalosafiri ndani ya maji. Mei 1982, HMS Conqueror ya Uingereza iliizamisha manowari ya Argentina, General Belgrano, kwa torpido za kawaida, ingawa yenyewe iliendeshwa kwa kinu. Kushambulia nchi kavu kuliongezeka baadaye, hasa kwa kombora la Marekani liitwalo Tomahawk. Gesi hulisukuma kutoka kwenye mrija, roketi ndogo ikalitoa majini, kisha mabawa yanafunguka na injini ya ndege inachukua usukani. Huruka chini chini kwa takriban kilomita 880 kwa saa, likiongozwa na setilaiti na ramani ya ardhi, na hufika umbali wa kilomita 1,600 hivi. Kwa vipimo vyetu, ni zaidi ya kutoka pwani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na Dodoma hupitwa kabla nusu saa haijaisha.

Kichwa chake kina vilipuzi vya kawaida vya kilo 450 hivi. Machi 2011, nyambizi ya Marekani, USS Florida, ilirusha Tomahawk zaidi ya 90 nchini Libya, na hakuna hata moja iliyokuwa ya nyuklia. Ni kweli kwamba wakati wa Vita Baridi Marekani ilikuwa na Tomahawk za nyuklia, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini nyambizi zilizoundwa mahsusi kubeba silaha za nyuklia ni kundi jingine, zile za makombora ya balistiki, yanayopaa juu sana kisha kushuka kwenye shabaha.

Tena idadi ina kikomo. Nyambizi nyingi za Virginia zina nafasi 12 za kurushia makombora wima. USS Florida ilikuwa ya aina kubwa zaidi, iliyobadilishwa ili ibebe hadi Tomahawk 154. Zikiisha, hazijazwi katikati ya bahari kirahisi. Chombo kinarudi bandarini. Na kurusha tu kunafichua kilipojificha, jambo ambalo video zile hazisemi kamwe.

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: ikizama na kinu chake, mionzi itatufikia? Agosti 2000 nyambizi ya Urusi, Kursk, ilizama katika Bahari ya Barents baada ya torpido kulipuka ndani yake, wakafa watu wote 118. Vinu vyake viwili vilijizima vyenyewe. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya nyambizi hiyo iliinuliwa, vinu vikiwa vizima, na fueli ikatolewa nchi kavu.