Kutoa maji ya ubongo si tiba ya Alzheimer

Wapo wanaoamini kwamba Alzheimer, ugonjwa unaopoteza kumbukumbu, ni uchafu uliojaa kwenye maji ya ubongo, kwa hiyo yakitolewa, kumbukumbu hurudi. Si hivyo. Maji hayo, kama mililita 150 kwa mtu mzima, hayatuami kama dimbwi: mwili hutengeneza takriban mililita 500 kila siku, na ya zamani hufyonzwa kuingia kwenye damu. Mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mwenye Alzheimer, yenyewe yamejikita ndani ya nyama ya ubongo, baina ya seli.

Wazo halikuwa la kijinga, tuseme ukweli. Lilijaribiwa Marekani kwa mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Jaribio dogo la mwanzo lilitia moyo. Lile kubwa, lililochapishwa mwaka 2008, halikuonyesha nafuu kuwazidi wagonjwa ambao mrija wao ulikuwa umezibwa makusudi ili kulinganisha.

Kinachowachanganya watu ni ugonjwa mwingine, hidrosefalasi ya presha ya kawaida (maji hujaa ndani ya ubongo bila presha yake kupanda sana), ulioelezwa mwaka 1965. Mgonjwa wake naye husahau, lakini mara nyingi huanza kwa kuburuta miguu, nyayo kama zimegandishwa sakafuni, na mkojo humponyoka. Mgonjwa huyo, mrija unaweza kumsaidia, hasa katika kutembea.