Wajibu wa matunzo: sheria inamdai nini mwenye farasi Uingereza

Wajibu wa matunzo ni jukumu la kisheria la kutimiza mahitaji ya mnyama unayemfuga, hata kama bado hajapatwa na madhara yoyote.

Sheria za zamani za Uingereza zilipambana na ukatili tu. Ile ya mwaka 1822, iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin, ilikataza kuwapiga na kuwatesa farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Lakini farasi aliyetelekezwa na kuanza kukonda hakuwa na msaada mpaka mateso yathibitike. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, inayotumika England na Wales, iliziba pengo hilo. Kifungu cha 9 kinamtaka mhusika, yaani mtu anayewajibika kwa mnyama, achukue hatua zinazostahili ili mnyama apate makazi yanayofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kwa maumbile yake, wenzake au faragha kadiri anavyohitaji, na kinga dhidi ya maumivu, majeraha na magonjwa.

England ina mwongozo rasmi wa mwaka 2017 unaofafanua mahitaji hayo kwa farasi, punda na mahuluti wao. Chukua kwato. Hazikomi kukua, kwa hiyo kwa kawaida hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Zikiachwa, ncha ya mbele hurefuka, uzito huegemea nyuma na kano za mguu huvutika kila farasi anapopiga hatua. Wala mwenye farasi hawezi kuchukua nyundo akampigilia viatu vya chuma mwenyewe: tangu sheria ya 1975, kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa.

Chakula nacho kina pande mbili. Farasi mnene hupendeza machoni, na wengi humsifu mwenye farasi kwa kutunza vizuri. Kumbe farasi wa aina ndogo (poni) anayeachiwa majani mabichi ya masika bila kipimo anaweza kuvimba ndani ya kwato, akashindwa hata kusimama. Kumshibisha kupita kiasi ni kumdhuru, na naona ni haki kabisa sheria iliangalie hilo.

Kukiuka mwongozo kwenyewe si kosa la jinai, ila mahakama inaweza kuuzingatia kama ushahidi. Mkaguzi akiona kasoro anaweza kutoa ilani inayotaja kinachopaswa kurekebishwa na muda wake, na katika muda huo mhusika hashtakiwi kwa kifungu cha 9. Ukatili wenyewe, tangu 2021, unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5.

Mwenye farasi hubeba wajibu daima. Hata akimlaza farasi kwenye banda la mtu mwingine na kulipia matunzo kila mwezi, bado anahesabiwa kuwa mhusika. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiwa na farasi, anayebeba wajibu ni mtu mzima anayemlea.