Zege la uwanja wa zamani halifi kwa umri

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai jukwaa likitimiza miaka 50 zege lake "limekufa", hivyo uwanja wote uvunjwe. Si kweli. Kinachoamua ni hali ya nondo. Mafundi hukata kipande cha zege na kukipulizia papo hapo kemikali iitwayo fenolfthalini: penye rangi ya waridi, zege bado linalinda nondo, pasipobadilika, kinga imepungua, na unyevu ukipenya kutu huanza. Watu hutishwa na zege linalomeguka, kumbe huenda ni tabaka la juu tu, linazibika. Soldier Field, uwanja wa michezo wa Chicago, Marekani, ilibakiza nguzo zake za miaka ya 1920 ikajengewa majukwaa mapya 2003. Msiusambaze ujumbe huo. Ulizeni kwanza ripoti ya vipimo.