Kwa nini kayaki hukimbilia upepo hata ikiwa na usukani?

Piga kafi kwenye kayaki ya bahari ya mita 5 huku kusi ikivuma ubavuni, na omo, yaani sehemu ya mbele, itaanza kujivuta polepole kuelekea joshini, upande upepo unakotoka. Chombo kikisonga mbele, omo hubanwa na maji pande zote mbili ikashikika. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, haina cha kuishikilia. Basi upepo unaisukuma tezi demani, yaani upande unakoelekea, na omo inageukia kule upepo unakotoka.

Kazi ya usukani ni kuipa tezi mahali pa kujishikiza. Ukiwa nao na bado unalazimika kupiga kafi upande mmoja tu, usikimbilie kununua bapa refu (bapa ni ubao wa usukani unaozama majini). Anzia miguuni, kwenye pedali zinazovuta kamba za usukani.

Pedali za kuteleza, zile zinazokwenda mbele na nyuma nzimanzima juu ya reli, ndizo zinazoharibu mambo mara nyingi. Nguvu ya kafi huanzia mguuni: ukivuta kulia, unasukuma kwa mguu wa kulia. Pedali ikiteleza, kila pigo linageuza usukani na chombo kinayumbayumba. Weka pedali ambazo sehemu ya chini imekazwa imara kwenye reli, na sehemu ya juu tu ndiyo inayokunjwa kwa vidole. Kabla ya kununua, pima umbali kati ya matundu ya skrubu za reli ya zamani. Yakilingana, hakuna haja ya kutoboa upya. Ukilazimika kutoboa, tia silikoni ya baharini na washa ya mpira.

Halafu kamba. Waya wa chuma cha pua huchoka pale unapopindwa kila mara, hasa karibu na kibano. Uzi mmoja ukichomoza, ubadilishe kabla ya kuingia majini tena. Kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki zilizo imara sana) ya milimita 2, iliyosukwa bila kiini, haishiki kutu na haivutiki ovyo, ila inateleza mno hata mafundo ya kawaida hujifungua. Tengeneza kitanzi kwa kuichomeka ncha ndani ya kamba yenyewe sentimita 14 hivi, kisha ishone kwa uzi imara isichomoke. Kuipitisha ni rahisi: ifunge kwa utepe mwembamba kwenye waya wa zamani, uvute waya, nayo itafuata ndani ya mrija. Mdomo wa mrija ukiwa na makali, ulainishe kwa msasa, maana kamba hukatikia hapo.

Ulegevu mdogo hugharimu sana. Mkono wa usukani ukiwa wa sentimita 5 na kamba ikavutwa sentimita 3, bapa linageuka nyuzi 37. Sentimita 1 ikipotelea kwenye kamba iliyolegea, unabaki na nyuzi 24 tu. Kwa hiyo, kabla ya kufunga kamba, sawazisha pedali zote mbili na uzizuie zisisogee, bana bapa katikati kabisa, ndipo ukaze pande zote mbili.

Bapa lenyewe lije mwisho. Bati bapa la alumini linafanya kazi, lakini bapa lililochongwa kama bawa, nene mbele na jembamba nyuma, hupindisha chombo bila kukipunguzia mwendo sana. Bapa refu linafaa kwenye mawimbi, tezi inapoinuka na bapa fupi likabaki hewani. Lakini hulemea pini ambayo usukani huzungukia, na hugonga matumbawe mapema. Lolote utakalochagua, usilipinde hadi nyuzi 40: maji hubanduka upande mmoja wa bapa na usukani ukawa breki.

Pini ikicheza, ongeza washa ya nailoni na ukaze nati mpaka mlio wa kugongana ukome. Kisha achia kamba ya kushushia. Bapa lisiposhuka lenyewe, legeza nati robo mzunguko.