Chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima: maswali na majibu

Homa ya ini B ni nini?
Ni ugonjwa unaoletwa na kirusi kinachoshambulia ini. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hapo kwenye damu ndipo watu wanapopuuza: wembe wa kuchanjia chale, mashine ya kinyozi, mkasi wa kucha unaozunguka kwa kila mteja. Kirusi hiki huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, kwa hiyo damu iliyokauka si damu salama.

Si chanjo ya watoto hiyo?
Watoto huipata bure kliniki, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Tanzania ilianza kuwapa mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, utotoni hukuipata. Kwa mtu mzima ni hiari na mara nyingi hulipiwa, basi watu wa hapa Mwanza mjini wanaichukulia kama anasa.

Sijisikii mgonjwa, nichanjwe ya nini?
Uchanjwe kwa sababu bado hujaugua! Mtu anaweza kukaa na kirusi hiki miaka 20 akibeba mizigo mwaloni Kirumba, anakula sato wake vizuri, hana habari. Anakuja kwetu hospitali macho yameshakuwa ya njano na tumbo limejaa maji, ndipo anaulizia chanjo. Chanjo haitibu. Tafadhali mwambie na jirani: chanjo haitibu, hutangulia ugonjwa.

Tumbo kujaa maji si kichocho?
Huku ziwani kinaweza kuwa kichocho kweli. Utajuaje bila kupimwa? Wengi hujipangia wenyewe: dawa ya kichocho ya dukani, kisha mganga, tena anawachanja chale kwa wembe aliomchanjia mwingine, kisha mitishamba chupa kwa chupa. Hospitali inakuwa ya mwisho, na ini limeshaharibika. Baadhi ya mitishamba yenyewe huumiza ini. Ukiona macho ya njano au tumbo linavimba, njoo hospitali leo. Usisubiri chupa iishe. Leo.

Chanjo yenyewe haiwezi kuniambukiza?
Haiwezi. Haina kirusi hai. Na hapana, haiondoi uzazi.

Nikija nachomwa moja kwa moja?
Unapimwa damu kwanza. Ukikutwa huna kirusi, unachoma dozi tatu: siku hiyo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Ukikutwa nacho, chanjo haitakusaidia, ila utafuatiliwa kliniki, na wanaohitaji dawa za kukidhibiti hupewa. Mlete mwenzi wako na watoto wapimwe. Na nyie ndugu, acheni kumtengea mgonjwa sahani. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mkono.

Nilichoma dozi moja, nikaenda kuvua Ukerewe, miezi 8 imepita. Naanza upya?
Huanzi upya. Njoo uchome ya pili, na ya tatu utaichoma baada ya miezi 2 au zaidi. Kama kadi imelowa au imepotea, njoo hivyohivyo, tutatafuta jina lako kwenye rejista.